Mikono ilirudi joto, vifo vikazidi: kisa cha utafiti wa FEAST

Mtoto wa miaka miwili analetwa hospitali usiku ana homa kali, kalegea hawezi hata kukaa mwenyewe, anahema kwa shida mbavu zinaingia ndani, ukishika miguu ni ya baridi toka vidoleni inapanda juu, ukimbonyeza kucha ukaachia unahesabu moja, mbili, tatu, na rangi bado haijarudi. Kama ulisomea utabibu miaka ile ya 2000 na kitu mkono wako unaenda wenyewe kwenye kanula (kile kimrija cha kuingizia dripu kwenye mshipa) na chupa ya maji, ndivyo tulivyofundishwa, damu haifiki kwenye ngozi maana yake mzunguko umeshuka, mzunguko ukishuka jaza maji, na jaza haraka. Unamjazia, baada ya saa moja unamshika tena, mkono umepata joto. Unamshukuru Mungu, unaenda kwa mtoto anayefuata.

Naandika kuhusu huo mkono uliopata joto. Kuna watoto 3141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, walioingia kwenye utafiti ulioitwa FEAST, ambao kupitia wao tulijua kwamba ule mkono ulikuwa unatudanganya, na kila nikiongea na wenzangu wapya kazini nakuta wengi wanajua jibu tu, "usipige bolasi", lakini hawajui jibu lilipatikanaje wala linamhusu mtoto gani na halimhusu mtoto gani. Hapo kwenye kutojua ndio pana hatari, kwa hiyo nitakisimulia chote.

Kwanza bolasi ni nini, kwa ambaye hayuko kwenye fani. Ni maji mengi ya dripu yanayoingizwa kwa muda mfupi. Chukua mtoto wa kilo 10. Dripu ya kawaida ya kumshikilia tu, mililita 2.5 mpaka 4 kwa kila kilo kwa saa, ni kama mililita 25 mpaka 40 kwa saa, vijiko vichache tu vya maji. Bolasi ya mililita 20 kwa kilo ni mililita 200 kwa saa hiyo hiyo moja. Ikipanda hadi 40 kwa kilo ni mililita 400. Hiyo ndio tofauti tunayoizungumzia, sio kitu kidogo kwa mwili wa mtoto wa kilo 10.

Na huo utaratibu ulitoka wapi? Huwezi kuamini jinsi ushahidi wake ulivyokuwa mwembamba. Karatasi iliyokuwa inatajwa kila mahali ni ya mwaka 1991 kutoka Marekani, watoto 34 wenye shoku ya maambukizi (yaani maambukizi yameshusha mzunguko mpaka damu haifiki vizuri mwilini), wote kwenye wodi ya wagonjwa mahututi, waliopata zaidi ya mililita 40 kwa kilo ndani ya saa ya kwanza walikuwa 9 na wakapona 8, wale waliopata kidogo wakafa zaidi ya nusu. Hamna aliyegawa watoto kwa kura, walikuwa wanaangalia tu nani alipewa nini na nani alipona. Watoto tisa! Lakini ukisoma na wewe ni daktari una mtoto anakufia mikononi, unaona mwanga, na mimi simlaumu mtu aliyeona mwanga pale. Miongozo ya nchi tajiri ikafika mpaka mililita 60 kwa kilo ndani ya saa ya kwanza, na WHO nao kwenye mafunzo ya dharura ya watoto wakaweka bolasi kwa mtoto mwenye dalili za shoku.

Sasa huku kwetu hospitali nyingi zilikuwa hazipigi bolasi kihivyo, vifaa hamna, mashine za kupumulia hamna, wengine walikuwa waoga wa mapafu kujaa maji. Kwa hiyo pale Kilifi pwani ya Kenya, kwenye kituo cha KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na Wellcome Trust (shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya), Kathryn Maitland na wenzake walikuwa wanajiuliza swali la maana kabisa, je watoto wetu wanakufa kwa sababu tunawanyima kitu ambacho watoto wa Ulaya wanapewa? Na niseme hili wazi kwa sababu watu wanalisahau, hawa watafiti hawakuwa wapinzani wa maji. Kinyume chake. Walishafanya utafiti mdogo hapo Kilifi kwa watoto wenye malaria kali, uliotoka 2005, waliopewa albumini (ni maji yenye protini ya damu, ya bei ghali) walikufa 2 kati ya 56, waliopewa selaini (maji ya chumvi ya kawaida ya dripu) wakafa 11 kati ya 61. Hivyo matumaini yao yalikuwa kwamba bolasi itaokoa, na albumini itaokoa zaidi. Waliingia kwenye FEAST na matumaini hayo.

Utafiti ukaanza Januari 2009 kwenye hospitali sita, Kilifi kwa Kenya, Teule ya Muheza mkoa wa Tanga kwa Tanzania, na kwa Uganda Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Pesa zilitoka baraza la utafiti wa tiba la Uingereza. Mtoto aliyeingia alikuwa wa siku 60 hadi miaka 12, ana homa na ugonjwa mkali, fahamu zimepungua au anapumua kwa shida au vyote viwili, na ana walau dalili moja ya damu kutofika vizuri mwilini, kucha kuchelewa kurudisha rangi sekunde 3 au zaidi, baridi inayopanda mguuni, mapigo dhaifu mkononi au moyo kwenda mbio kupita kiasi. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hakuingia. Mwenye kuharisha na kutapika hakuingia. Wa kuungua na ajali hawakuingia. Shikeni hapo, nitarudi.

Waligawanywa kwa bahasha zilizofungwa, unachukua inayofuata unafungua, makundi matatu: bolasi ya albumini, bolasi ya selaini, au hamna bolasi kabisa, ni dripu ndogo ya kumshikilia. Mwanzo bolasi ilikuwa mililita 20 kwa kilo kwa saa moja, baadae wakapandisha hadi 40. Watoto wote bila kujali kundi walipata oksijeni, dawa ya malaria, antibayotiki, dawa ya degedege, sukari ikishuka, na damu kama hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) iko chini ya 5. Walipimwa na kuangaliwa saa ya 1, ya 4, ya 8, ya 24 na ya 48. Wale wachache sana ambao presha ilikuwa imeshuka vibaya tangu wanafika, 29 tu, hao wote walipewa bolasi, hamna aliyethubutu kuwaacha.

Na mzazi je? Hili ndilo linalonigusa kuliko yote. Mtoto anakata roho huwezi kumkalisha mama umsomee karatasi za kurasa nne. Walichofanya wakamwomba mzazi ruhusa ya mdomo kwanza pale pale, halafu hali ikitulia wakarudi kumweleza yote kwa utulivu na kuomba saini. Kuna watu waliokosoa utaratibu huo na hoja zao zina uzito. Mimi nikifikiria usiku wa namna ile, dakika zinavyohesabika, sioni njia nyingine ambayo ingemheshimu mama na papo hapo isimcheleweshe mtoto wake.

Lengo lilikuwa watoto 3600. Hawakufika. Tarehe 28 Januari 2011 kamati huru inayoangalia data ikasema simameni, msiingize mtoto mwingine. Walikuwa wamefika 3141.

Namba zenyewe hizi hapa. Ndani ya masaa 48, kundi la albumini walikufa 111 kati ya 1050, ni asilimia 10.6. Kundi la selaini 110 kati ya 1047, asilimia 10.5. Kundi ambalo halikupewa bolasi, 76 kati ya 1044, asilimia 7.3. Albumini na selaini sawa sawa, ile tofauti ya 2005 ilipotea kabisa. Na wote waliopigwa bolasi walikufa zaidi kuliko wasiopigwa. Baada ya wiki nne ilikuwa hivyo hivyo, asilimia 12 kwa 8.7, pengo halikuziba. Ukipiga hesabu, kama wale 2097 waliopewa bolasi wangekufa kwa kiwango cha wasiopewa wangekufa kama 153. Walikufa 221. Hao katikati ni watoto 68 hivi. Mimi hiyo hesabu niliifanya mwenyewe kwenye karatasi mara ya kwanza niliposoma, nikaifanya tena, halafu nikaanza kuwahesabu wa kwangu niliowahi kuwapiga bolasi kabla ya hapo, na huko sikufika mwisho kwa sababu huwezi kujua yupi.

Ndio, huwezi kujua yupi, na hapa ndio kiini cha kisa chenyewe. Hebu fikiria wodi inayopokea watoto 10 wa aina hii kwa mwezi. Ukiwapiga wote bolasi atakufa mmoja hivi. Usipowapiga miezi mingine atakufa mmoja miezi mingine hamna. Nani ataliona hilo? Hamna nesi, hamna daktari bingwa, hata awe na miaka thelathini kazini, anayeweza kuona tofauti ya watoto 3 katika kila 100 kwa macho, kwa sababu kila mwezi watoto 9 kati ya 10 waliopigwa maji wanatoka wodini wakiwa hai na mama zao wanatushukuru. Kila mmoja wa hao tisa anakuwa ushahidi kichwani mwako kwamba maji yanaokoa. Yule mmoja aliyekufa unasema alichelewa kuletwa, na mara nyingi ni kweli alichelewa, kwa hiyo hata huongopi.

Alafu kuna mkono wenye joto. Uchambuzi wao uliofuata, wa 2013, ulionyesha kwamba baada ya saa moja dalili za shoku zilikuwa zimeondoka kwa asilimia 43 ya waliopewa bolasi, na asilimia 32 tu ya wasiopewa. Yaani bolasi ilifanya kazi! Ilifanya kile hasa tulichokuwa tunakitafuta, kucha zikarudisha rangi, miguu ikapata joto, mapigo yakajaa. Na kundi lile lile likafa zaidi, wengi ndani ya siku ya kwanza, tena kwa namna tusiyoitegemea. Kama utafiti ungeishia kupima mzunguko wa damu saa ya kwanza, na tafiti nyingi ndogo ndivyo zinavyoishia kwa sababu vifo vinahitaji watoto wengi na hela nyingi, basi tungetangaza ushindi, na leo tungekuwa tunajaza maji kwa nguvu zaidi huku tuna karatasi ya kisayansi mkononi. Siku zote nawaambia wenzangu mkisoma utafiti wa watoto wagonjwa mahututi angalieni kwanza wamepima nini mwishoni, mtoto yuko hai au hayuko, anatembea, anasikia, anaongea. Vingine vyote ni vya njiani.

Matokeo yalipotoka 2011 watu walikasirika. Wengine walisema hiyo sio shoku ya kweli, ni malaria, kwa sababu asilimia 57 walikuwa na malaria. Wengine wakasema ni upungufu wa damu, theluthi moja hivi walikuwa na hemoglobini chini ya 5, ukimjazia maji mtoto ambaye damu yake ishakuwa nyepesi unaizidisha wepesi. Hoja nzuri zote mbili, na mimi nilizishikilia. Lakini wao walishazigawa data, wenye malaria na wasio na malaria, wenye damu kidogo na wenye damu ya kutosha, wenye asidi nyingi kwenye damu na wasio nayo, wadogo na wakubwa, kituo kwa kituo, na bolasi haikuwa na faida kwenye kundi lolote. Kuna waliosema basi ni kwa sababu huko hamna ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) wala mashine za kupumulia. Hiyo ni kweli, hazikuwepo. Lakini ni hoja ya nani hiyo? Watoto wengi wanaokufa kwa maambukizi makali duniani wanafia mahali ambapo hamna mashine, kwa hiyo utafiti uliofanyika bila mashine ndio unaowahusu, na ule wa watoto 34 wa wodi ya mahututi Marekani ndio uliokuwa ugenini.

Kwa nini walikufa? Wote tulidhani mapafu yamejaa maji au ubongo umevimba. Visa vya namna hiyo vilikuwepo lakini vichache, asilimia 2.6 na 2.2 kwenye bolasi, 1.7 kwa wasiopewa, haviwezi kubeba tofauti yote ile. Uchambuzi wa 2013 ukasema kilichozidi hasa ni moyo na mzunguko kuporomoka, mtoto ambaye saa chache nyuma umemwona kapata joto. Uchambuzi mwingine wa 2019 ukaongeza kwamba bolasi ilizidisha shida ya kupumua na ya fahamu kwa baadhi, iliongeza kloraidi ambayo inasukuma damu kwenye asidi, na ilishusha hemoglobini. Pia kuna wazo, halijafungwa lakini kwangu linaingia akilini, kwamba ule ubaridi wa miguu ulikuwa ni mwili wa mtoto unajilinda, unabana mishipa ya pembeni ili damu ibaki kwa moyo na ubongo, na sisi tukaja tukaifungua ile mishipa kwa nguvu kabla mwili haujawa tayari. Tulikuwa tunatibu ulinzi tukidhani ndio ugonjwa.

Jambo moja linapitwa haraka na halistahili kupitwa, ile asilimia 7.3. Watoto wagonjwa kiasi kile, zaidi ya nusu wakiwa na asidi kali kwenye damu, bila ICU, na zaidi ya 92 katika kila 100 walikuwa hai baada ya siku mbili. Hiyo ilitokana na mtu kumwona mtoto mara anapofika, oksijeni, dawa kwa wakati, damu kwa aliyehitaji, na nesi anayerudi saa ya 1, ya 4, ya 8. Hamna maajabu pale ndani ila kurudi kumwangalia. Na kuhusu waliopona, walifuatiliwa wiki nne kuona nani kabaki na madhara ya ubongo, ikawa asilimia 2 hivi kwenye makundi yote, hamna tofauti. Maana yake bolasi haikuacha watoto wengi zaidi na ulemavu, wala wasiopewa hawakulipa uhai wao kwa ulemavu, swali ambalo wazazi huwa wanauliza na wana haki ya kuuliza.

Miongozo ilichukua muda kufuata. WHO walibadilisha rasmi mafunzo ya dharura 2016, mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za shoku asipigwe maji ya haraka, mwenye dalili zote tatu kwa pamoja, mikono na miguu ya baridi, kucha kupita sekunde 3, mapigo dhaifu yanayokwenda mbio, apewe mililita 10 hadi 20 kwa kilo taratibu kwa dakika 30 mpaka 60 huku anaangaliwa, na mwenye upungufu mkali wa damu apewe damu. Mwaka 2020 miongozo ya kimataifa ya sepsisi (maambukizi makali yanayovuruga mwili mzima) ya watoto nayo ikasema mahali pasipo na ICU, kama presha haijashuka, usipige bolasi.

Sasa nirudi nilipowaambia mshike. Nimeshasikia kwa masikio yangu mtu anakataa kumwekea maji mtoto anayeharisha, macho yameingia ndani, ngozi ukiifinya inabaki imesimama, anasema "FEAST imekataza". Jamani hapana! Mtoto anayeharisha maji yamemtoka mwilini, hakuwemo kwenye utafiti huu, na akinyimwa maji anakufa. Mwenye utapiamlo mkali ana utaratibu wake tofauti, naye hakuwemo. Kichanga wa chini ya siku 60 hakuwemo hata mmoja, moyo wake na figo zake ni kitu kingine, kwa hiyo huwezi kuchukua 10.6 na 7.3 ukamwekea mtoto wa siku tatu mwenye maambukizi ya damu, kwa upande wowote, sio kusema mpe wala kusema usimpe. Vichanga walihitaji na bado wanahitaji utafiti wao wenyewe, mkubwa kama huu.

Na kuna watoto 65. Kati ya wote wale 3141, waliokuwa na dalili zote tatu za shoku kama WHO wanavyoitaja walikuwa hao tu. Waliopewa bolasi walikuwa 50, wakafa 24. Ambao hawakupewa walikuwa 15, wakafa 3. Ni wachache mno kiasi kwamba bahati peke yake inaweza kuleta tofauti hiyo, na hamna mtu makini atakayesema imethibitishwa. Lakini hao ndio watoto ambao mwongozo bado unasema wapewe maji, taratibu. Mimi nafuata mwongozo. Naweka 10 kwa kilo, naanza na kidogo, navuta kiti nakaa pembeni ya kitanda, na mkono ukianza kupata joto siondoki.